Waya wa 2.5, wa 6 au wa 10? Hesabu ya shawa, soketi na pampu ya kisima

Swali: Habari za kazi, fundi. Namalizia nyumba ya vyumba vinne Usa River. Bati limeshapigwa, kondiuti (mabomba ya kupitishia nyaya) za ukutani zimeshafukiwa, sasa ni kuvuta nyaya. Fundi wa kwanza anasema 1.5 kwa taa na 2.5 kwa vingine vyote, ikiwemo shawa ya umeme ya wati 5,500 na pampu. Wa pili ameniandikia 4 kwenye soketi, 6 kwenye shawa na 10 kwenye pampu, na makadirio yake ni karibu mara mbili ya yule wa kwanza. Kutoka kwenye bodi ya breka hadi shawa ni mita 18. Kisima kiko mita 65 kutoka kwenye bodi hiyo. Pampu ni ya farasi 2, fezi moja, imeshushwa mita 40. Jiko kubwa la umeme nitanunua baadaye. Nimsikilize nani? Na je, ni kweli waya mnene unakula umeme zaidi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole na ujenzi.

Nianze na jibu lenyewe. Taa ziende na 1.5. Soketi ziende na 2.5, hiyo 4 ni hela inayopotea bure. Shawa ni 6, na hapo usikubali kushushwa. Jiko ni 6. Pampu ni 6 au 10, kutegemea jambo moja ambalo hukulitaja: ukubwa wa waya uliomo ndani ya kisima. Kwa hiyo fundi wa kwanza anakupeleka kwenye hatari, wa pili anakuongezea gharama mahali pasipohitaji, na huenda wote wawili wametaja namba kabla ya kupima.

Hizo namba 1.5, 2.5, 4 ni eneo la shaba ukiukata waya na kuutazama kwa mbele, kwa milimita za mraba. Waya haupewi ukubwa kwa jina la chumba. Kwanza unajua mzigo unavuta ampea ngapi, kisha unachagua breka inayoubeba mzigo huo, kisha unachagua waya unaoweza kuibeba *breka* hiyo mahali utakapopita, na mwisho unaangalia kama umbali hautakula volti nyingi mno. Mpangilio huu haugeuzwi. Breka ipo kuulinda waya usiungue. Ukiweka breka kubwa kuliko uwezo wa waya, breka itakaa kimya na waya ndio utakuwa fyuzi, ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao.

Ampea za kifaa chenye kazi ya kupasha joto ni rahisi kupata: gawa wati kwa volti. Kwa mota haitoshi, na nitafika huko.

Uwezo wa waya, kwa shaba yenye ganda la PVC, sakiti moja ya fezi moja ndani ya kondiuti, na hewa inayoizunguka ikiwa nyuzijoto 30, kwa majedwali ya BS 7671 ya Uingereza, ni huu:

1.5 hubeba ampea 17.5
2.5 hubeba ampea 24
4 hubeba ampea 32
6 hubeba ampea 41
10 hubeba ampea 57
16 hubeba ampea 76

Watu wengi wanaishia kwenye orodha hii, na ndipo makosa yanapoanzia. Namba hizi zina masharti mawili: joto na msongamano. Juu ya dari, chini ya bati, saa nane mchana mwezi wa Januari, hakuna nyuzijoto 30. Kukiwa na nyuzijoto 45, waya unabaki na asilimia 79 ya uwezo wake. Ikiwa kondiuti moja imebeba sakiti mbili zenye mzigo, zidisha kwa 0.8, zikiwa tatu, 0.7, zikiwa nne, 0.65. Nyaya zinapashana joto, na ganda la PVC la kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70 kwenye shaba yenyewe, basi. Kanuni zenyewe zinaruhusu kutohesabu sakiti yenye mzigo mdogo sana, kwa hiyo waya wa taa za LED ukipita na wa soketi usikutie hofu. Hofu ni shawa kupita bomba moja na jiko.

Shawa

Tazama lebo ya shawa yako kwa makini. Nyingi zinazouzwa madukani Arusha zimeandikwa wati 5,500 kwa volti 220, wala si 230. Kwa 220 inavuta ampea 25. Koili ya shawa haibadiliki. Ukiipa volti 230 inavuta ampea 26. Ndiyo maana breka ya 25 haifai: itakuwa imezidiwa kila mtu anapooga. Breka sahihi ni 32.

Sasa waya wa kubeba breka ya 32. Wa 4 unabeba 32 kamili, lakini ukiwa peke yake na mahali pasipo joto. Ukipitisha juu ya dari kwenye nyuzijoto 45 unabaki na 25. Umeshindwa. Wa 6 unabaki na 32.4 hapo hapo darini: umepita, kwa sharti kwamba yumo kwenye kondiuti yake mwenyewe. Ukiuchanganya na sakiti ya jiko, 41 mara 0.79 mara 0.8 ni 25.9, na utalazimika kwenda 10. Kondiuti ya ziada ya mita 18 ni rahisi kuliko waya wa 10 wa mita 18 mara tatu. Mpe shawa bomba lake, la milimita 25 badala ya 20, maana nyaya tatu za 6 kwenye bomba la 20 lenye kona mbili zinavutwa kwa nguvu mpaka ganda linachunika.

Umbali hapa haukusumbui. Waya wa 6 unapoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita (namba hii imeshahesabu kwenda na kurudi), hivyo 7.3 × 26 × 18 ni milivolti 3,416, yaani volti 3.4. Ruhusa kwa vifaa visivyo taa ni asilimia 5, ambayo kwa 230 ni volti 11.5, kwa taa ni asilimia 3, volti 6.9.

Na ile 2.5 ya fundi wa kwanza? Uwezo wake ni 24 mahali pazuri, 19 darini, na shawa inavuta 26. Akiiwekea breka ya 20, inaweza kukata watu wakioga mfululizo. Kisha mteja analalamika, fundi anarudi na breka ya 32, na malalamiko yanakoma. Kuanzia siku hiyo ganda linapikwa taratibu. Linakauka, linakuwa gumu, linapasuka kwenye kona za kondiuti na kwenye skrubu za swichi. Wengi wanadhani breka ya 32 itakata ampea zikifika 33. Haifanyi hivyo. Breka za majumbani za kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 zimetengenezwa zisikate ndani ya saa nzima kwenye mara 1.13 ya namba yake, na zinalazimika kukata ndani ya saa moja kwenye mara 1.45. Kwa breka ya 32 hiyo ni ampea 36 na 46. Waya wa 2.5 uliobeba ampea 36 kwa saa nzima juu ya dari hautafutiwi shahidi.

Shawa haiungwi kwenye plagi ya soketi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa ni za ampea 13, nusu ya mzigo huo. Tumia swichi ya ampea 45 inayokata fezi na nyutro kwa pamoja, iwekwe nje ya bafu au ya kamba darini, na kwenye shawa yenyewe tumia konekta ya kauri. Skrubu zikazwe, kisha zikazwe tena baada ya wiki mbili tatu za matumizi, kwa sababu shaba inapopata moto na kupoa inalegea kidogo, na ampea 26 kupitia skrubu iliyolegea ndizo zinazoyeyusha swichi ambazo watu wanadhani ni feki.

Athi, kabla hujalipia waya hata mmoja

Hili hukuliuliza lakini linakwenda na shawa. Nyumba nyingi huku athi yake, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ni fimbo iliyopigwa ardhini pembeni ya nyumba. Tuseme fimbo yako inasoma omu 50, jambo la kawaida, na ardhi ya mawe ya volkano ikikauka mwezi wa tisa usomaji huo hupanda. Koili ya shawa ikipasuka na fezi ikagusa maji au mwili wa chuma, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, ampea 4.6. Breka ya 32 haitajua kwamba kuna tatizo. Ampea 4.6 hazikati breka, lakini zinaua mtu mara nyingi sana kupita kiasi. Waya wa 6, wa 10, wa 16, haubadilishi kitu hapo.

Kinachookoa ni RCD ya milliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayolinganisha umeme unaotoka kwa fezi na unaorudi kwa nyutro na kukata tofauti ikitokea. Bila hiyo usiwashe shawa ya umeme nyumbani kwako. Wengine huiondoa kwa sababu "inakatakata". Inakata kwa kuwa umeme unavuja mahali, patafutwe hapo. Na waya wa athi wa shawa uwe 6 kama fezi yake. Kanuni ya jumla ni kwamba hadi 16, athi inalingana na fezi.

Soketi, taa na jiko

Kuna namna mbili za soketi. Ya kwanza ni mstari mmoja unaotoka kwenye bodi na kuishia soketi ya mwisho: waya wa 2.5, breka ya 20, eneo lisilozidi mita za mraba 50 za sakafu. Ikiwa mistari miwili au mitatu inapita kondiuti moja au juu ya dari yenye joto, weka breka ya 16. 24 mara 0.8 ni 19.2, haitimizi 20. Ampea 16 bado ni wati 3,680, zinabeba birika na pasi kwa wakati mmoja bila shida kubwa. Ya pili ni ringi: 2.5 inatoka kwenye bodi, inazunguka soketi zote, inarudi kwenye breka ile ile ya 32, hadi mita za mraba 100. Ringi ni nzuri ikifungwa na mtu makini. Ikikatika sehemu moja soketi zote zinaendelea kuwaka, hakuna anayejua, na kumbe sasa upande mmoja wa 2.5 umeachwa na breka ya 32. Kama fundi wako hana mazoea ya kupima mwendelezo wa ringi kabla ya kuwasha, mwambie akufanyie mistari ya kawaida, mmoja wa jikoni peke yake. Kwa namna zote mbili, 4 haina kazi.

Taa sina mengi: nyumba nzima ya vyumba vinne kwa taa za LED haifiki hata ampea 2. Waya wa 1.5 na breka ya 6 au 10. Tunatumia 1.5 kwa uimara wake wakati wa kuvuta kuliko kwa ampea.

Jiko la sahani nne na oveni la wati 7,000 linasoma ampea 30, lakini sahani hazibaki zimewaka zote kwa pamoja. Hesabu ya kawaida ni ampea 10 za mwanzo zote, jumlisha asilimia 30 ya zilizobaki: hapa inakuja 16. Hata hivyo waya wake uwe 6 na breka 32, bomba la 25, na ulipitishe sasa hata kama jiko lenyewe litanunuliwa mwakani, kwa kuwa kuvunja ukuta wenye vigae ni gharama kuliko waya wote huu.

Kutoka mita ya LUKU hadi kwenye bodi, ikiwa meni swichi ni ya 63, tumia 16. Waya wa 10 unabeba 57 kwenye kondiuti, pungufu ya meni swichi yenyewe, na huu ndio waya unaobeba nyumba nzima. Na ukija kufikiria shawa ya pili: 26 na 26 na 16 za jiko ni 68 kabla ya soketi. Hapo usiongeze waya. Nenda TANESCO ukaombe fezi tatu.

Pampu

Farasi 2 ni kama kilowati 1.5, lakini hizo ni za kazi inayotoka kwenye shafti. Mota ya fezi moja ya ukubwa huo, kwa sababu ya upotevu wake wa ndani, inavuta karibu ampea 10 ikiwa inazunguka. Kibati cha pampu kina namba kamili, tumia hiyo. Kwa ampea 10 waya wa 1.5 "unabeba", na ndiyo sababu mafundi wengi wanadhani 2.5 ni kujihami vya kutosha. Uwezo wa kubeba hauhusiki sana hapa. Kinachoamua ni umbali, na umbali wako ni mita 65 za ardhini *jumlisha* mita 40 za kushuka kisimani. Ni mita 105.

Milivolti kwa ampea kwa mita: 2.5 ni 18, 4 ni 11, 6 ni 7.3, 10 ni 4.4. Zidisha kwa 10 na kwa 105. Kwa 2.5 unapoteza volti 18.9, asilimia 8. Kwa 4 ni 11.6, imegonga mpaka na kuuvuka kidogo. Kwa 6 ni 7.7, asilimia 3.3. Kwa 10 ni 4.6.

Lakini pampu imeshashushwa, maana yake kuna waya kisimani tayari. Ukiwa ni 4, mita zake 40 zinakula volti 4.4; ukiweka 6 kwa zile 65 za ardhini unaongeza 4.7, jumla 9.1, asilimia 4. Vizuri, 6 inatosha. Ukiwa ni 2.5, zile 40 peke yake zinakula 7.2, na 6 ardhini jumla inakuwa 11.9, imezidi, na 10 ardhini jumla ni 10.1, imepita kwa tabu. Kwa hiyo fundi wa pili huenda yuko sahihi kuhusu 10 kwa kuwa aliuona mdomo wa kisima. Mwulize. Kama kisimani ni 2.5, pampu ikitolewa siku yoyote kwa matengenezo badilisheni uwe 4, na unganisho la chini lifanyike kwa vifaa vya kuzuia maji vinavyokwenda na waya huo, kamwe si kwa gundi ya selotepu ya umeme peke yake.

Kuna wakati mwingine mbaya zaidi, na unadumu chini ya sekunde: kuwaka. Mota inapoanza inavuta mara nne hadi tano ya kawaida, tuseme ampea 45. Kwa 2.5 mita zote 105 hesabu inatoa volti 85 zilizopotea. Kwa uhalisia zinakuwa pungufu kidogo kwa sababu mkondo nao unashuka, lakini bado pampu inabaki na volti kama 150. Kwa 4 na 6 zilizounganishwa unapoteza kama 41. Nguvu ya mota kujizungusha inashuka kwa mraba wa volti: ikipata asilimia 80 ya volti inabaki na asilimia 64 ya nguvu, ikipata 65, inabaki na 42. Mota inaunguruma bila kuzunguka, kapasita inapasuka, koili za mota zinaungua. Baada ya hapo lawama inakwenda kwa muuza pampu. Pampu zinazoungua mara mbili mara tatu kwenye kisima kile kile, kabla ya kununua nyingine pimeni waya.

Kama pampu yako ina kiboksi cha kontroli chenye kapasita, kiweke kwenye kisanduku kisichopitisha mvua karibu na mdomo wa kisima badala ya ndani ya nyumba. Kutoka kwenye kiboksi kwenda chini mota za aina hiyo zinahitaji nyaya tatu na athi. Kutoka nyumbani hadi kwenye kiboksi unahitaji fezi, nyutro na athi tu. Ukikiweka nyumbani utanunua waya wa nne wa mita 65 bila sababu.

Zile mita 65 ziwe kebo ya ardhini yenye ngao ya nyuzi za chuma, si waya wa ukutani ndani ya bomba la maji. Chimba sentimita 60. Panapolimwa migomba na kahawa, au gari linapopita, 75, kwa kuwa jembe na sururu havibahatishi. Laza mchanga chini na juu ya kebo, kisha utepe wa tahadhari sentimita 20 au 30 juu yake. Ngao iunganishwe kwenye athi upande wa bodi kwa glandi yake (kibanio cha ncha ya kebo). Nunua mita 70, usinunue 65. Kebo inapanda na kushuka kwenye ncha zote mbili. Usikubali unganisho katikati ya shamba.

Waya mnene na bili

Ni kinyume chake. Waya haulipi wala haulipishi kwa unene. Volti zinazopotea ndani yake zinageuka joto, na joto hilo limepita kwenye LUKU yako. Pampu kwenye 2.5 yote inapoteza volti 18.9 mara ampea 10, wati 189. Kwenye 6 yote ni wati 77. Ukipampu saa 4 kwa siku, tofauti hiyo ni karibu yuniti 164 kwa mwaka, miaka yote ambayo kebo itakaa ardhini.

Dukani

Hesabu yote hii inaanguka ikiwa waya ulioandikwa 2.5 si 2.5, au si shaba. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba, na kuna za shaba halisi zilizopunguzwa. Kwanguwa ncha kwa kisu: rangi ya fedha ikitokea chini, achana nao. Sumaku ikishika, kuna chuma ndani. Waya wa uzi mmoja wa 1.5 una kipenyo cha milimita 1.38, wa 2.5 una 1.78, kwa hiyo kalipa (kipimo cha unene) ya bei ndogo inakutosha. Pima shaba bila ganda. Zenye nyuzi saba: 4 ina nyuzi za 0.85, 6 ina za 1.04, 10 ina za 1.35. Ganda nene lisikudanganye, ndiyo njia ya kawaida ya kuficha shaba nyembamba. Mizani nayo inasema: mita 100 za 2.5 zina shaba ya kilo 2.2, kwa hiyo rola nzima pamoja na ganda ikija chini ya hapo, umeibiwa. Mwenye mita nzuri apime omu kutoka ncha hadi ncha. Mita 100 za 2.5 zisizidi 0.74, za 6 zisizidi 0.31, baada ya kutoa omu za waya za mita yenyewe. Nembo ya TBS itazame, lakini usiitazame peke yake.

Kwa shawa nunua mita 22 za 6 kwa kila rangi tatu. Kuanzia bodini hadi swichi na kutoka swichi hadi shawa usiruhusu kipande kiunganishwe ndani ya kondiuti. Unganisho lolote likae kwenye boksi linalofunguka.

Kabla ya kuwasha, fundi apime ukinzani wa maganda kwa mashine ya volti 500, fezi na nyutro dhidi ya athi, breka zote zikiwa juu na taa na vifaa vimetolewa. Chini ya megaomu 1 pana tatizo. Nyumba mpya iliyofungwa vizuri inasoma mamia. Apime mwendelezo wa athi hadi soketi ya mwisho na hadi pampu. Abonyeze kitufe cha RCD. Na kazi nzima isainiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa fomu inayokwenda TANESCO inamtaka yeye, na ni yeye utakayemrudia.

Pampu ikishaanza kazi, pima volti pale kwenye kiboksi cha kisimani ikiwa inazunguka, na upime tena kati ya saa moja na saa tatu usiku, majirani wakiwa wanapika. Mota nyingi zinavumilia asilimia 10 chini ya namba yake, yaani 207 kwa ya 230, na kumbuka waya wa kushuka kisimani utakula nyingine nne au saba baada ya hapo. Ukisoma chini ya 215 kisimani, nenda papo hapo upime kwenye mita ya LUKU. Hapo pakiwa 228, tatizo ni kebo au viunganishi vyako. Pakiwa 205, hata ukilaza kebo ya 25 hutapata kitu: ita TANESCO wapime transfoma na laini, na mpaka watakaporekebisha weka kilinzi cha volti chenye kuzima pampu zikishuka, na upampu maji usiku wa manane au alfajiri.